Vipele vya zambarau mkononi: Laikeni planasi ni nini, husababishwa na nini, na hukaa kwa muda gani?

Binamu yangu alishuka basi la Wajir pale Eastleigh kabla jua halijachomoza, akiwa amevaa glavu nyeusi. Hakuna aliyeshtuka, maana mabinti wengi wa kwetu huvaa glavu pamoja na jilbabu. Nilianza kushuku tulipoingia nyumbani. Tulikaa kunywa chai, joto likapanda, na bado glavu hazikutoka. Nilipomnyoshea kikombe changu aonje, alirudi nyuma.

“Abaayo, usinipe chako,” akasema. “Sijui kama hii kitu inaambukiza.”

Hatimaye alivua. Kwenye vifundo vya mikono, upande wa ndani, kulikuwa na vipele bapa vya rangi ya zambarau iliyoiva, vingine kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Viling'aa kidogo taa ilipovipiga. Vingine vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, kama mtu aliyechora kwa kalamu.

Binamu yangu ana miaka 24, kwao ni Tarbaj, kaskazini mashariki mwa mji wa Wajir, kwenye njia ya kwenda Kutulo, El Wak hadi Mandera. Amekubali nisimulie haya bila kumtaja jina. Wakati huo ilikuwa imebaki miezi mitatu aolewe, na mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameanza kuuliza maswali.

Kwa miezi minne alikuwa amezunguka. Kemisti mmoja alimpa krimu ya choa. Haikusaidia. Kwingine akachomwa sindano ambayo hakuambiwa ni ya nini. Jirani akanong'ona kwamba hiyo ni Ukimwi. Mwingine akasema ni cadho, ule upele unaoshika ngamia na mbuzi, eti ameupata zizini. Nyumbani kikombe chake cha maziwa kikatengwa bila mtu kutamka neno. Naye ayeeyo, nyanya yetu, kwa mapenzi yote, akapendekeza aitwe mzee wa kuchoma kwa chuma cha moto.

Kumbe ugonjwa wenyewe una jina, na hauambukizi hata kidogo. Unaitwa laikeni planasi. Kwenye karatasi ya daktari utaukuta umeandikwa lichen planus.

Jina la kizamani, ugonjwa wa kila mahali

Aliyeupa jina hilo ni daktari Mwingereza, Erasmus Wilson, mwaka 1869. Huyu ndiye yule yule tajiri aliyelipia gharama ya kusafirisha mnara wa kale wa Misri, ule unaoitwa Sindano ya Kleopatra, hadi London. Neno la kwanza linatokana na Kigiriki na linahusu vile viumbe vinavyoota kama ukoga juu ya mawe na magome ya miti. La pili ni Kilatini, maana yake bapa. Usidanganyike na jina lakini. Hakuna ukungu wala kuvu inayoota kwenye ngozi yako, ndiyo maana krimu ya choa haikufua dafu.

Unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100 au chini ya hapo. Wengi wanaougua wana umri kati ya miaka 30 na 60, ingawa vijana nao hupata, hata watoto mara chache.

Nchini Kenya si mgeni. Mwaka 1979, watafiti Verhagen na Koten walichapisha katika jarida la British Journal of Dermatology uchunguzi wa Wakenya 51 waliokuwa na hali iliyoitwa wakati huo laikeni planasi ya nchi za joto. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, au kwamba umeletwa juzi juzi na chanjo fulani, jua hiyo ni stori tu.

Mwili unajipiga wenyewe

Ngozi yako ina tabaka la juu, na chini ya tabaka hilo kuna safu ya seli zinazozaa ngozi mpya kila siku. Kinga ya mwili ina askari wake, zikiwemo chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kazi yao ni kusaka virusi na seli mbovu. Kwa mwenye laikeni planasi, askari hawa hukusanyika chini ya ngozi na kushambulia zile seli za kuzaa ngozi kana kwamba ni adui. Matokeo yake ni vipele, rangi kubadilika na mwasho.

Kwa nini askari wanakosea? Sayansi haijapata sababu moja inayowahusu wagonjwa wote. Yapo hata hivyo mambo kadhaa yanayojulikana kuuchochea au kuuiga.

La kwanza ni dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za malaria, za maumivu na hata za kifua kikuu zinaweza kuleta vipele vinavyofanana kabisa na laikeni planasi. Vinaweza kutokea wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo haya mawili. Hapa tuelewane: usiache dawa ya TB au ya presha kwa sababu umesoma makala. Kuacha dawa ya TB katikati kunaweza kukuua. Nenda umweleze aliyekuandikia, yeye ndiye wa kuamua kama itabadilishwa.

La pili ni homa ya ini aina ya C. Uhusiano huu umeonekana zaidi katika nchi za pwani ya Mediterania na Japani kuliko kwingine, lakini madaktari wengi bado huagiza kipimo cha damu ili wawe na uhakika. Ikipatikana si mwisho wa dunia. Siku hizi kuna vidonge vinavyoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12.

La tatu ni vitu vinavyogusa mdomo kwa muda mrefu. Kuziba jino kwa madini yenye zebaki kunaweza kuleta mabaka meupe kwenye shavu lililo karibu na jino hilo. Mdalasini nao unajulikana kuwasumbua baadhi ya watu. Sasa fikiria chai yetu ya viungo, asubuhi, saa kumi na usiku.

La nne ni msongo wa mawazo. Peke yake haitoshi kuwa chanzo, ila wagonjwa wengi husema hali huchacha wakiwa na presha ya maisha. Na binti anayetazamwa mikono na wakwe watarajiwa ana presha ya kutosha.

Utautambuaje?

Vipele vya laikeni planasi ni bapa kwa juu, vina kona kona badala ya kuwa duara kamili, na vinawasha. Vitabu vingi vya udaktari huviita vya zambarau. Lakini picha nyingi za vitabu hivyo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana kahawia iliyokolea, kijivu au karibu nyeusi, na hapo ndipo wengi hupotea, hata wahudumu wa afya.

Ukitazama kwa makini utaona mistari myembamba myeupe juu ya kipele, kama uzi wa buibui. Daktari Mfaransa Louis Wickham aliieleza mwaka 1895 na hadi leo inaitwa mistari ya Wickham. Ndani ya mdomo huonekana wazi zaidi: wavu mweupe kwenye mashavu ambao haufutiki ukiupangusa.

Hupenda vifundo vya mikono, mapaja, miguu hasa kwenye vifundo, na sehemu ya chini ya mgongo. Hupenda pia sehemu tunazoficha. Ukishika kichwa, unaweza kuua mizizi ya nywele na kuacha upara wa kudumu, na kwa wanaojifunika hijabu jambo hili hugunduliwa likiwa limechelewa. Ukishika kucha, huzifanya nyembamba na zenye mifereji. Hushika pia sehemu za siri, kwa wanawake na wanaume, na kuleta maumivu ambayo watu huyameza kimya kimya kwa aibu.

Kuna aina nyingine inayostahili kutajwa kwa watu wa maeneo ya jua kali kama Tarbaj. Ni laikeni planasi ya jua. Imeripotiwa sana Mashariki ya Kati, India na sehemu za Afrika, na huwapata zaidi watoto na vijana. Huja kama madoa ya mviringo yaliyokolea, mara nyingi yenye ukingo ulioinuka kidogo, kwenye paji la uso, mashavu na nyuma ya viganja. Mara nyingi haiwashi sana. Mwenye nayo hudhani ni doa la kawaida, kisha anakimbilia krimu ya kung'arisha.

Ile mistari, na chuma cha moto

Unakumbuka vile vipele vilivyojipanga mstari kwenye mkono wa binamu yangu? Mstari ule ulikuwa njia ya kucha zake. Alijikuna usiku, na pale alipojikuna ndipo vipele vipya vilipoota. Daktari Mjerumani Heinrich Koebner aliliona jambo hili karne ya 19, na limebaki na jina lake. Kwa wagonjwa wa namna hii, ngozi ikiumizwa, ugonjwa hufuata jeraha.

Ndiyo sababu kuchoma kwa chuma cha moto ni hatari mara mbili. Kwanza kunaacha kidonda kinachoweza kuingia vijidudu. Pili kunauonyesha ugonjwa mahali pa kuota upya. Vivyo hivyo kusugua kwa jiwe, kuchanja kwa wembe au kukwangua kwa brashi ngumu. Tulipomweleza ayeeyo hivyo, kwamba jeraha linaita vipele vingine, alinyamaza kidogo kisha akasema, “Basi mzee asije.” Hatukuhitaji kubishana naye wala kumwonyesha kwamba yeye hajui.

Na hina je? Hina asilia ya majani haijulikani kuleta ugonjwa huu. Tatizo ni ile nyeusi ti, inayochanganywa na rangi ya nywele ili ishike haraka. Kemikali iliyomo inaweza kuleta mzio mkali, malengelenge na alama. Mtu mwenye ngozi iliyokwisha kukasirika hana haja ya kuiongezea.

Hukaa muda gani?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza kwanza, na jibu hutegemea umeshika wapi.

Kwenye ngozi ya mwili, habari ni njema. Kwa wagonjwa wengi huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja na nusu. Takriban nusu hupata nafuu kufikia mwezi wa 9, na karibu asilimia 85 kufikia mwezi wa 18. Baadhi hurudiwa baadaye.

Mdomoni hali ni tofauti. Huko unaweza kukaa miaka mingi, ukilala na kuamka. Wenye mistari myeupe pekee mara nyingi hawasikii chochote. Wenye vidonda hupata shida kula pilipili, ndimu au kitu cha moto. Na kuna jambo la kuambiana bila kutishana: kwa takriban mtu 1 kati ya 100 wenye laikeni planasi ya mdomo, saratani inaweza kujitokeza hapo baada ya miaka. Kwa hiyo mdomo ukaguliwe na daktari wa meno au wa ngozi angalau mara moja kwa mwaka. Sigara na ugoro viachwe. Miraa nayo, ikiwa inachubua mashavu yenye vidonda, ipumzishwe. Kwa wanaopiga mswaki kwa cadey, chagua kijiti laini na usikwaruze sehemu inayouma.

Kichwani na kwenye kucha, usingoje miezi 18. Nywele zilizokufa mizizi hazirudi, hivyo matibabu ya mapema ndiyo yanayookoa zilizobaki.

Halafu kuna alama. Vipele vikishapungua, kwenye ngozi yenye weusi hubaki madoa meusi. Madoa hayo hayamaanishi kwamba ugonjwa bado upo. Ni rangi ya ngozi iliyomwagika chini baada ya vita, na hufifia polepole, kwa miezi au hata miaka. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakidhani dawa haijafanya kazi, kumbe ilifanya zamani.

Matibabu, na mtego wa krimu

Hakuna dawa ya kuung'oa ugonjwa huu mara moja. Zipo dawa za kutuliza mwasho, kupunguza vipele na kuzuia madhara wakati mwili unajirudi. Ya kwanza kwa kawaida ni malhamu ya steroidi yenye nguvu, inayopakwa juu ya vipele tu kwa muda uliowekwa. Dawa za mzio husaidia mtu alale. Mdomoni hutumika jeli au maji ya kusukutua yenye steroidi. Hali ikiwa kali, daktari anaweza kutoa vidonge vya steroidi kwa muda mfupi, dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili, au tiba ya mwanga maalumu hospitalini. Baadhi ya dawa hizi hazifai kabisa kwa mjamzito, kwa hivyo sema ukweli ukiulizwa.

Sasa mtego. Madukani kuna krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali ndani yake, bila maelezo. Mtu anapaka, mwasho unatulia, anafurahi. Anaendelea miezi sita usoni. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na akiacha tu kila kitu kinarudi kwa hasira. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Kenya imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua, kwa kiasi na muda wake. Kuipaka gizani kila usiku ni jambo jingine kabisa.

Ukiwa Tarbaj, unaanzia wapi?

Madaktari bingwa wa ngozi Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wapo maafisa wa kliniki waliosomea ngozi: tangu miaka ya 1990, kituo cha mafunzo cha kanda kilichoko KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika kazi hii hii. Uliza kama hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Wajir au Garissa, ina kliniki ya ngozi na ni siku gani, kabla hujalipa nauli.

Kabla ya kwenda, fanya mambo manne. Piga picha za vipele kwenye mwanga wa mchana, kila wiki, kwa simu yako hiyo hiyo. Andika dawa zote ulizotumia mwaka uliopita, pamoja na za mitishamba. Fungua mdomo mbele ya kioo uangalie mashavu. Na usipake kitu chochote siku ya kuonekana. Daktari akiwa na shaka, atakata kipande kidogo cha ngozi, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kikapimwe kwa hadubini. Hilo ndilo huondoa ubishi wa choa, upele, ukurutu au ukoma.

Usisubiri ukiona vidonda vya mdomo visivyopona zaidi ya wiki tatu, ukishindwa kumeza, nywele zikitoka kwa mabaka, au ukisikia maumivu sehemu za siri.

Kikombe kilivyorudi

Binamu yangu alipimwa. Hakuwa na homa ya ini, hakuwa na virusi vya Ukimwi. Kipande cha ngozi kilisema laikeni planasi, na mdomoni alikuwa na wavu mwembamba ambao hata hakuwa ameuona. Alipewa malhamu, dawa ya usiku, na tarehe ya kurudi.

Alichoomba zaidi ya dawa ni karatasi. Alimwomba daktari aandike kwa maneno mepesi kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono, kula pamoja, kulala pamoja wala kwa mama kwenda kwa mtoto. Daktari aliandika. Binamu yangu akaipiga picha na kumtumia mchumba wake, naye akamsomea mamake.

Harusi ilisogezwa mbele miezi miwili, na sijui hadi leo kama sababu ilikuwa vipele au mahari. Lakini ilifanyika. Alipakwa hina asilia kwenye ncha za vidole tu, kwa hiari yake. Mwezi wa nane wa dawa mwasho ulikuwa umekwisha. Madoa yangalipo kwenye vifundo, yanafifia taratibu, na hajavaa glavu tena isipokuwa anapotaka.

Nilipompigia simu kuomba ruhusa ya kuandika haya, nilimuuliza ni siku gani aliyojua kwamba mambo yamekuwa sawa. Nilidhani atataja siku ya harusi.

“Siku niliyorudi nyumbani kutoka Nairobi,” akasema. “Ayeeyo alikunywa maziwa nusu, akanipa kikombe chake nimalizie. Hakusema kitu. Alinipa tu.”